Wiki ya Sita

Grafu ilikuwa kwenye ukurasa wa kumi na tisa wa Mpango wa Miaka Mitano, na Subilaga Mwakatobe ndiye aliyeichora. Mstari wa bluu ulipanda katika wiki ya kwanza ya muhula, ukabaki juu hadi wiki ya tano, halafu katika wiki ya sita ukaporomoka kama mtu aliyekosa ngazi.

Bwana Lukumay aliweka ncha ya kalamu pale mstari ulipoanza kuanguka.

"Hapa ndipo tunapopoteza," alisema. "Kila muhula, wiki ile ile. Kwa nini?"

Alikuwa amekuja chuoni Isapula asubuhi hiyo kwa niaba ya Mfadhili, na koti lake lilikuwa bado na unyevu wa ukungu. Upande wa pili wa meza alikaa Mkuu wa Chuo, Gaudensi Mhagama, akifuta miwani ambayo haikuwa na uchafu. Wajumbe wengine watatu wa kamati ya mipango walimtazama Subilaga. Yeye ndiye mkuu wa idara ya Biashara na Kompyuta. Swali lilikuwa lake.

"Wiki ya sita ndipo wanafunzi wanapoelewa," alijibu.

"Naam," alisema Lukumay kwa upole. "Sasa tunahitaji mpango wa kuliondoa hilo."

Hakuna aliyecheka, na hapo Subilaga akajua kwamba wenzake walikuwa wameshaambiwa.

Kila mwanafunzi wa idara yake alivaa ukanda laini wa kijivu kwenye paji la uso, tangu anapoingia darasani mpaka anapotoka. Ukanda haukusoma mawazo. Ulisoma kitu kimoja tu: ule muda ambao kichwa kinakwama, mtu anaona njia mbili mbele yake na anajua kwamba hajui ipi ya kushika. Muda huo, ambao ndio mstari wa bluu wa grafu, ulirekodiwa na kutumwa kwa Mfadhili, na Mfadhili akautumia kulilisha Kabati.

Kabati lilikuwa mashine ya tiba iliyowekwa kwenye kila zahanati isiyo na daktari, maana yake karibu kila zahanati. Unatia mkono kwenye tundu, unaeleza unavyojisikia, droo inafunguka na dawa zako. Lilijua mengi kuliko daktari yeyote. Kilichokuwa kinalishinda ni kusita. Lilipokosa jibu lilitoa jibu hivyo hivyo, kwa sauti ile ile tulivu. Mama yake Subilaga alikwenda akiumwa kichwa na kutapika, akarudi na vidonge vya vidonda vya tumbo. Siku ya nne walimzika. Kumbukumbu za Kabati zilionyesha: uhakika, asilimia tisini na nane.

Kwa hiyo Mfadhili alipokuja na habari kwamba mashine inaweza kufundishwa kusita, ikionyeshwa maelfu ya watu halisi wakisita, Subilaga alitia saini kabla wenzake hawajamaliza kusoma. Na ikawa kweli. Mwaka uliopita pekee, Makabati ya wilaya yalikuwa yamewasha taa ya njano na kumwita muuguzi mara mia nne na kumi na moja, badala ya kufungua droo isiyofaa. Chuo kilichokuwa na wanafunzi arobaini na paa linalovuja sasa kilikuwa na mia tatu na kumi na wawili, mabweni, na chakula mara tatu kwa siku. Wote walisoma bure.

"Tubadilishe mpangilio wa mada," Lukumay aliendelea. "Mazoezi yapinde kona mwanafunzi anapokaribia. Tusiwafelishe. Tuwacheleweshe tu, muhula mmoja, miwili. Aliyekwisha kuelewa hatupi kitu, Mwalimu."

"Na tukiwaambia? Mwanafunzi akikubali mwenyewe, kwa hiari yake?"

Lukumay alitikisa kichwa. Alionekana kusikitika kweli. "Tulijaribu kwenye chuo kimoja kaskazini. Mtu akijua amewekewa kizuizi, hachanganyikiwi tena. Anakasirika. Ukanda unasoma hasira, na hasira haina cha kuifundisha mashine."

Mkuu akavaa miwani yake. "Dada Subilaga, tunakupa wiki mbili uandike upya sehemu yako. Bila hiyo hakuna Mpango. Na bila Mpango, mwakani idara yako haipo."

*

Alitoka mkutanoni akaenda moja kwa moja maabara ya kompyuta, kwa sababu hakutaka kurudi ofisini kukaa peke yake.

Otilia Ngailo alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, karibu na dirisha. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa. Alichuma chai tangu akiwa msichana, mpaka mashine za kuchuma zilipoingia mashambani na wachumaji wakaambiwa wasirudi. Aliuza mbuzi wake, akamwacha mwanawe wa mwisho kwa dada yake, akaja chuoni na begi moja. Hakuwahi kukosa kipindi. Alikuwa akirudia kwa mara ya tatu somo la kazi inayojiita yenyewe, yaani kipande cha programu kinachojirudia kwa kujiita.

"Mwalimu," alisema bila kugeuka, "kichwa changu kibovu."

"Nani kakwambia?"

"Nani aniambie? Si naona mwenyewe." Akaonyesha skrini. "Jana nilidhani nimeshika. Nimelala vizuri kabisa. Leo nimeamka, hakuna kitu."

Subilaga alisimama nyuma yake akatazama. Zoezi lilitaka programu ya kupanga magunia kwa uzito. Otilia aliandika mstari wa kwanza, taratibu, midomo ikitembea. Ulikuwa sahihi. Aliandika wa pili, nao ukawa sahihi. Mkono wake ukaanza kwenda haraka, kama mkono unaoujua mchai.

Skrini ikalia kidogo. *Vizuri! Sasa tujaribu kwa namna nyingine.* Kile kilichoitwa rejea sasa kiliitwa mwito wa ndani. Hesabu iliyoanzia moja sasa ilianzia sifuri. Magunia yakawa majina ya watu. Mabega ya Otilia yalishuka, na mwanga mdogo kwenye ukanda wake ukaanza kupepesa.

"Hii hufanya mara nyingi?" Subilaga aliuliza.

"Nini?"

"Kubadilika hivi."

Otilia alimwangalia kwa mshangao. "Si ndivyo kompyuta ilivyo, Mwalimu?"

Ofisini Subilaga alifungua kumbukumbu za mfumo kwa jina la Otilia. Kwa miezi kumi na minne zoezi lilikuwa limebadilishwa mara mia moja na tisini na sita. Kila badiliko lilikuwa na muda wake na sababu yake, na sababu ilikuwa ile ile: *uelewa umekaribia kikomo*. Hakuna mwanafunzi mwingine aliyekaribia idadi hiyo. Wengine walichoka, wakabahatisha, wakakata tamaa, na mtu aliyekata tamaa hasiti. Otilia hakukata tamaa. Kwa hiyo alikuwa mali.

Mwishoni mwa orodha palikuwa na rejea ya kibali. Kifungu cha saba cha mkataba wa majaribio: *Mfumo utarekebisha mwendo wa somo kulingana na hali ya mwanafunzi.* Chini yake saini yake mwenyewe, ile ya haraka, yenye mkia mrefu.

Kumbe kile alichoombwa asubuhi akiandike kwa miaka mitano ijayo kilikuwa kimeshaanza. Alikuwa amekiruhusu akidhani ni huruma kwa wanafunzi wazito.

*

"Nilijua," alisema Mkuu, alipomwekea karatasi mezani siku iliyofuata. "Tangu muhula uliopita."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza." Gaudensi Mhagama hakuwa mtu wa kukwepa macho. Walikuwa wamefundisha pamoja miaka kumi na tisa, na alimbebea mama yake jeneza. "Keti, Subilaga. Keti kwanza. Unakumbuka mwaka ule hatujapata Mfadhili? Tuliwapa vyeti vijana sitini na wawili. Ni wangapi walipata kazi?"

Subilaga alijua: walipata wanne.

"Kazi za ofisi hazipo. Hata ukimfundisha Otilia akawa fundi, nani atamwajiri? Mashine inaandika programu kumi kabla hajavuta kiti. Kitu pekee ambacho binadamu bado anacho na mashine haina ni huko kutojua kwake. Ndicho tunachokiuza. Na hatuuzi kwa ajili ya anasa. Mtoto wa kijiji cha Lufuko aliyepona Machi, unadhani Kabati lilisita kwa mafunzo ya nani? Nimeangalia. Mfadhili alinionyesha. Ni ya Otilia, kwa kiasi kikubwa."

"Basi amwambie asante."

"Akimwambia, linaisha. Umemsikia Lukumay." Akainamia meza. "Mama yako angekuwa hai leo kwa kanda hizi. Wewe unalijua hilo kuliko mimi."

Hilo ndilo lililomuuma, kwa sababu lilikuwa kweli. Alirudi ofisini akafungua Mpango, akaandika kichwa cha sehemu yake, *Mustakabali wa Programu za Biashara na Kompyuta*, na chini yake akaandika aya tatu nzuri. Zilikuwa na maneno kama *mwendo rafiki* na *uelewa endelevu*. Alizisoma akaona kwamba anajua kuandika vitu vya namna hiyo. Angeweza kumaliza kwa siku mbili. Kwa siku tisa hakuandika neno jingine wala hakufuta lolote.

Siku ya kumi Otilia alikuja na barua ya kuomba kuacha chuo.

"Nakula chakula cha bure cha watu wenye akili," alisema. "Naona aibu. Atakuja mwingine anayeelewa."

Subilaga aliichukua barua ile. Akaisoma mpaka mwisho, akaikunja. Kisha akasimama.

"Vua ukanda," alisema. "Waite na wale wa meza yako, wavue na wao. Mnifuate nje."

*

Walikuwa kumi na mmoja. Aliwapanga mstari mmoja kutoka mlango wa maabara kwenda kwenye tangi la maji, kila mmoja akitazama kisogo cha mwenzake. Otilia alimweka wa mwisho.

"Mko zahanati, foleni ya asubuhi," aliwaambia. "Otilia, uko wa ngapi?"

Otilia alichungulia pembeni.

"Hapana. Huruhusiwi kuchungulia wala kuhesabu. Unaruhusiwa kitu kimoja, kumuuliza aliye mbele yako."

"Nimuulize nini?"

"Swali lile lile nililokuuliza mimi."

Otilia akamgusa bega aliye mbele. "Wewe uko wa ngapi?"

"Sijui," alisema yule, na wengine wakacheka.

"Hajui," alisema Subilaga. "Sasa na yeye afanye nini?"

Yule akafikiri, akamgusa wa mbele yake. Swali likaenda hivyo, bega kwa bega, mpaka likamfikia msichana aliyesimama kwenye tangi. Mbele yake hapakuwa na mtu. Akageuka huku na huku, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi wa kwanza." Aliyemfuata akasema, "Basi mimi wa pili." Wa tatu. Wa nne. Jibu likarudi kwenye mstari, likiongezeka moja moja, nao wakaanza kulipokea kwa sauti kubwa, mpaka likafika kwa Otilia.

"Mimi wa kumi na moja," alisema.

Mkono wake ulibaki hewani, karibu na bega la mwenzake.

"Ni swali moja," alisema polepole. "Kila mtu anauliza lile lile. Linakwenda mpaka linamkuta asiyehitaji kuuliza." Akageuka. "Na lisipomkuta?"

"Halirudi. Linakwenda tu."

"Kwa hiyo lazima awepo wa kwanza. Ndiyo ile mistari miwili ya juu. Ndiyo ile!" Akapiga mikono, akacheka kicheko kikubwa ambacho Subilaga hakuwahi kukisikia kutoka kwake, akamkumbatia msichana wa kwenye tangi. "Mungu wangu, ni kitu kidogo hivi? Mwalimu, ni kitu kidogo hivi?"

"Ni kidogo hivyo."

Kicheko kiliisha chenyewe. Otilia alisogea. "Mbona imechukua mwaka na miezi miwili?"

Subilaga angeweza kusema mambo mengi. Alimpeleka nyuma ya tangi, wakasimama kwenye nyasi zenye umande, akamwambia yote: kanda, Kabati, mara mia moja na tisini na sita, kifungu cha saba, saini. Hakuacha kumtaja mtoto wa Lufuko, kwa sababu kumficha kungekuwa njia nyingine ya kumdanganya.

Otilia alisikiliza akiwa ameshika viwiko vyake.

"Kwa hiyo ujinga wangu umeponya watu."

"Hukuwa mjinga. Tulikuzuia."

"Mlinizuia, basi. Umeponya watu?"

"Ndiyo."

"Mngeniuliza." Sauti yake haikupanda. "Mngeniambia, Otilia, kaa gizani mwaka mmoja, kuna watoto watapona, ningekaa. Kwa nini nisikae? Nimezaa. Lakini mimi nililala nikijitukana, Mwalimu. Nilimwambia mwanangu kwenye simu kwamba mama yake ni zuzu, asinifuate kwa akili." Akafuta uso kwa kiganja, kwa nguvu. "Waambie wote. Usipowaambia wewe, nitawaambia mimi."

"Nikiwaambia, kanda hazitafaa tena. Kabati litabaki na lilichonacho. Kuna watu watakufa, Otilia. Siwajui majina, lakini watakuwepo."

"Najua," alisema Otilia. "Nimeshaelewa. Ndicho ulichokuwa unataka, si ndiyo?"

*

Aliwaambia siku ya Ijumaa, kwenye ukumbi wa chakula, baada ya chai ya saa nne. Alisoma kumbukumbu kwa majina, idadi ya kila mmoja, na mwishoni akasoma kifungu cha saba na jina lake. Mkuu aliingia katikati, akasimama mlangoni, hakumkatiza.

Hapakuwa na fujo. Kijana mmoja wa Biashara aliuliza kama chakula kitaendelea, naye akajibu hapana. Mwingine akauliza kama walioamua kubaki na kanda wanaweza kubaki. Wengi walitaka hivyo. Mia mbili na zaidi walirudi darasani mchana ule wakavaa kanda zao wenyewe, wakakaa mbele ya skrini, wakajitahidi kuchanganyikiwa. Ofisini kwake mstari wa bluu ulikatika saa nane na dakika sita. Kilichokuja baada yake kilikuwa chekundu, rangi ya hasira, kwenye kila jina.

Mfadhili aliondoka ndani ya wiki mbili, kwa adabu, akichukua hata waya. Kamati ilifuta masomo yote mawili, Biashara na Kompyuta. Subilaga alipewa barua, na Gaudensi aliyeitia saini aliileta mwenyewe mpaka nyumbani kwake, akaiweka juu ya kochi, akaondoka bila kuketi. Wanafunzi walishuka mlima na magodoro vichwani. Wengine walimpungia. Mama mmoja aliyekuja kumchukua binti yake alimtemea mate karibu na miguu.

Walibaki wanafunzi tisa waliotaka kuendelea, katika ghala la pareto lisilotumika, na kompyuta nne za zamani. Otilia alikaa mbele. Aliandika kila kitu, aliuliza maswali magumu, na kipindi kilipoisha alikusanya vitu vyake akaondoka bila kuaga.

Miezi mitatu baadaye habari zikafika kutoka Lufuko. Kabati lilikuwa limempa kijana wa miaka ishirini dawa ya malaria wakati damu ilikuwa ikimvujia ndani ya tumbo baada ya kuanguka na pikipiki. Halikuwasha taa ya njano. Uhakika, asilimia tisini na tano. Huenda muhula mmoja zaidi wa kanda ungelifundisha kusita hapo. Huenda usingelifundisha. Subilaga aliliuliza swali hilo kwa kila hesabu aliyoijua, na hakuna iliyompa jibu.

Alikwenda msibani. Alishuka bonde kwa miguu, akafika jua likiwa juu, akaketi pembeni kwenye mkeka wa wanawake. Hakuna aliyemjua. Baada ya muda mama wa marehemu, mwanamke mfupi aliyejifunga khanga mbili, alimwona akamwita kwa mkono.

"Wewe ni nani kwa mwanangu, dada?"

"Mimi ni mwalimu wa kompyuta. Natoka Isapula."

Wanawake waligeuka. Mama yule alimtazama, macho yamevimba.

"Basi wewe unaijua ile mashine."

"Naijua, mama."

"Hapa wote wananiambia ni mapenzi ya Mungu. Mimi nataka kujua ilikosea wapi." Akampisha nafasi karibu naye. "Nieleze. Taratibu, mimi sikusoma."

Subilaga alisogea. Alianza na tundu la mkono na droo, akaeleza jinsi mashine inavyojua na jinsi isivyojua kwamba haijui. Akaeleza kanda na wanafunzi, na kile alichosema Ijumaa ile kwenye ukumbi wa chakula. Mara mbili mama alimshika mkono akasema, "Hapo sijaelewa, rudia," naye alirudia kwa maneno mengine, mpaka hapakubaki kitu ambacho hakikueleweka. Kisha mama yule akauachia mkono wake, akajifunika uso kwa khanga, akaanza kulia upya.